Machozi Niliyomchorea Shangazi

Kila siku nikitoka shule hupitia hospitalini kumsubiri Shangazi. Yeye si daktari wala muuguzi. Anafanya kazi katika chumba cha kufulia, nyuma kabisa, mahali ambapo wagonjwa hawafiki. Mimi hukaa kwenye benchi la nje ya mlango nikifanya hesabu, huku mashine zikinguruma na mvuke ukinilowesha daftari. Shangazi na wenzake wamenibandika jina la Msanii kwa sababu sijawahi kufika pale nikiwa na mikono safi.

"Msanii, leo umekula rangi gani?" huniuliza mama wa pasi, nao wote hucheka.

Muhula mmoja, mwalimu wetu wa sanaa alitangaza maonyesho ya picha kuhusu haki. Wazazi wangealikwa pamoja na wakubwa wa mtaani, akiwemo mkurugenzi wa hospitali. Picha sita tu ndizo zingetundikwa ukumbini. Nilijua papo hapo nitamchora nani.

Nilichora kwa siku nne. Nilimchora Shangazi amepinda mgongo chini ya furushi la mashuka, yu pekupeku, gauni limechanika begani, na machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Kusema kweli, machozi yale niliyafurahia mno. Kila tone nililipaka weupe kidogo mpaka likang'aa. Mwalimu alipoiona picha, aliweka mkono kifuani. "Hii inagusa moyo," alisema, akaichagua. Kichwa kilinivimba, msiniulize.

Jumatano, siku mbili kabla ya maonyesho, niliibeba mpaka chumba cha kufulia ili nikasifiwe. Wanawake waliacha kazi, wakaizunguka. Hakuna aliyecheka.

"Huyu mwenye matambara ni nani?" aliuliza mama wa pasi.

"Ni mimi," Shangazi alijibu. "Si unaona kovu la shavuni?"

Alinitazama. Alikuwa amevaa sare yake ya buluu iliyonyooshwa vizuri, na buti za mpira alizozisugua hadi zikameta.

"Mwanangu, umewahi kuniona nikilia hapa?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi haya machozi umeyatoa wapi?"

"Nilitaka watu wakuonee huruma."

"Nani kakwambia nataka huruma?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mimi nataka glavu. Sitaki sura yangu itundikwe hivi mbele ya watu."

Nilikasirika. Nilisema mwalimu ameipenda, nimeihangaikia siku nne, na yeye hajui sanaa. Shangazi alirudi kwenye mashine yake, nami nikamtangulia njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilipofika nilijifungia chumbani. Hasira ilipotulia, ilibaki aibu. Nilikuwa nimemvua Shangazi wangu nguo zake nzuri na kumvika matambara ili mimi nipigiwe makofi.

Kesho yake nilimweleza mwalimu kila kitu. Akasema, "Hata mimi nilikusifu bila kukuuliza kama ni kweli. Kosa ni letu sote. Nafasi yako naiweka hadi kesho asubuhi."

Nilikwenda moja kwa moja hospitalini. Safari hii sikukaa nje.

"Shangazi, nisamehe. Naomba nikuchore upya. Ungependa watu waone nini?"

Alininyooshea shuka. "Shika ncha hizo mbili. Kwanza fanya kazi, halafu utachora."

Kukunja shuka la hospitali ni kazi ya watu wawili. Kila mmoja anashika ncha mbili, mnalinyoosha, mnatembea kuelekeana hadi vidole vikutane, halafu mnarudi nyuma na kuanza tena. Vidole vyetu vilipokutana, nilihisi kitu kinachokwaruza. Shangazi alikuwa amevifunga vidole vyake vyote kwa vipande vya mfuko wa nailoni na kuvikaza kwa mpira. Niligeuka. Wote walikuwa hivyo hivyo.

"Dawa ya kuulia vijidudu inapasua ngozi," alieleza. "Damu ikidondokea shuka safi, linafuliwa upya. Glavu ziliisha tangu mwezi wa tatu. Tumeandika barua mbili, kimya."

Miezi yote hiyo nilikuwa nimekaa mlangoni bila kuona kitu. Nilijisikia vibaya, lakini hapakuwa na muda wa kujisikitikia. Nilichora palepale: wanawake wawili, Shangazi na mama wa pasi, wamesimama wima, sare zimenyooka, shuka jeupe katikati yao, na vidole ishirini vimefungwa nailoni. Nilipomaliza, waliikagua kama wanavyokagua mashuka. Mama wa pasi alilalamika kwamba nimempunguza unene, kisha wote wakakubali.

Ijumaa, mkurugenzi alizipita picha tatu akitikisa kichwa kwa upole. Mbele ya yangu alisimama.

"Mbona wamejifunga nailoni?" aliuliza.

Nilisogea kando. Shangazi alikuwa nyuma yangu, na jibu lilikuwa lake.

"Kwa sababu glavu hakuna, mheshimiwa," alisema, akamsimulia habari ya barua zile mbili, mbele ya ukumbi mzima. Mkurugenzi alikohoa. Akatoa kalamu, akaandika.

Glavu zililetwa baada ya siku kumi. Boksi moja lilikuwa la saizi ya watoto, wakalirudisha huku wakicheka.

Siku hiyo, tukitembea kwenda nyumbani, nilimuuliza Shangazi kama ile picha ya kwanza nayo ingeleta glavu.

"Ile ingewatoa machozi," alisema. "Mtu akishalia anaona ametimiza wajibu, anaenda zake nyumbani. Hii ilimfanya aulize." Alinishika mkono. "Sikukatazi kutetea watu, mwanangu. Tetea sana. Lakini ukitaka kunitetea, njoo kwanza uniulize nina shida gani. Usinitungie."