Mti Unaopukutika Kiangazi

Mama Wengi hakutulia. Watu walimpa jina hilo kwa sababu alilea watoto saba wa majirani, wazazi wao wakiwa kazini. Kutwa alihamisha mkeka. Asubuhi nyuma ya nyumba, saa nne ukutani, saa sita barazani. Jua lilimfuata kila kona kama nzi na kidonda.

Uani palikuwa na mti alioupanda mwenyewe, akijua ni mwarobaini. Lakini kila kiangazi, joto lilipopamba moto, ulipukutisha majani yote. Aliumwagia maji ndoo kwa ndoo. Wapi.

"Mti wako unavaa wakati wa mvua tu," mumewe alimtania. "Kiangazi unabaki kama ulivyozaliwa."

"Cheka tu. Baba Pacha kasema vipele vya joto vikizidi, Ijumaa anawahamisha wanawe. Wengine watamfuata. Nibaki nikilea kuku?"

Kabla hajamaliza, alimwona mmoja wa pacha akihangaika na kitu kinywani. Alimtia kidole, akatoa tunda dogo la manjano, bado zima. Lilikuwa limedondoka kutoka mtini. Akamsukutua, akamwachia mumewe watoto, akakata tawi lenye majani machache yaliyobaki. Akaenda mbio kwa Bi Miche, jirani anayeuza miche kando ya barabara.

Bi Miche alilitazama tawi mara moja tu.

"Amemeza?"

"Hata. Nimelitoa zima."

"Shukuru. Angemeza, usingengoja dalili. Ungekimbia naye hospitali. Tunda hili ni sumu. Shoga, huu si mwarobaini. Ni mmelia."

"Wifi yangu ndiye aliyenipa mche. Tulionja jani, likawa chungu."

"Mkaridhika? Hata shubiri ni chungu. Mti hautambuliwi kwa ulimi."

Bi Miche alivuta mche uliokuwa kwenye kifuko. "Huu ndio mwarobaini. Shika kikonyo cha jani. Ni kimoja, kimenyooka. Vijani vimejipanga huku na huku, kama miiba kwenye mfupa wa samaki. Sasa shika wako."

Mama Wengi alipitisha kidole. Kikonyo chake kilitoa vikonyo vingine, navyo ndivyo vilivyobeba vijani.

"Hiki kimezaa watoto," alisema.

"Ehe. Kikizaa hivyo, ni mmelia, nao hupukutika. Mwarobaini hukaa kijani karibu mwaka mzima. Ila nao watoto wasile tunda wala mbegu zake. Fagia kila asubuhi."

"Nipe mmoja, nikapande sasa hivi."

"Kwa jua hili? Subiri mvua ya kwanza."

"Kusubiri mimi siwezi."

"Basi kachimbe shimo, mikono ipate kazi. Liende chini hadi magotini, hatua kumi kutoka kwenye nyumba, mahali maji hayatuami. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Siku ya kupanda, chana kifuko, udongo wa mizizi usivunjike. Zungushia uzio, mbuzi hawana adabu. Kiangazi cha kwanza, mwagilia mara mbili kwa wiki. Si kila siku. Mizizi yake haipendi matope."

"Kivuli nitakipata lini?"

"Miaka mitatu, minne."

"Na Ijumaa hii?"

"Funga turubai, mwaya. Juu sana, pande zote wazi, upepo upite. Na watoto wanywe maji mara kwa mara."

Jioni ile mumewe aliukata mmelia. Hakutania. Aliokota matunda yote, akayafukia mbali, kisha wakafunga turubai pamoja. Ijumaa Baba Pacha alikuja uso umekunjamana. Akasimama chini ya turubai, akagusa shingo za wanawe. Vipele vilikuwa vimeanza kukauka.

"Wabaki kwanza," alisema.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mche uliingia shimoni. Kila asubuhi Mama Wengi alikwenda kuutazama, mkono ukimwasha kuongeza maji. Alijizuia.

Kiangazi cha nne kilikuwa kikali. Nyasi zilikauka, lakini mwarobaini ulisimama kijani, umepita paa. Baba Pacha alifika adhuhuri na mtoto wake wa tatu begani.

"Nasikia umejaza."

"Wako kumi na mmoja. Huyo wa kumi na mbili mlaze pale, karibu na shina. Na upunguze sauti, wenzake wamelala."