Kicheko Ambacho Baba Hakurekodi

Kicheko kilitoka sebuleni wakati wa kuanua nguo, na mama ndiye aliyekisikia kwanza. Alisimama uani na shuka begani, akatabasamu, kabla hajakumbuka kwamba mumewe hana tena koo la kuchekea.

"Umemwekea baba yako kicheko?" alimuuliza bintiye.

"Mama, hata sauti yenyewe bado sijairudisha. Kicheko kitoke wapi?"

Baba alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni kwa miaka mingi, na mama husema bila haya kwamba aliolewa na kipaza sauti. Ugonjwa ulipomshika kooni na madaktari wakasema koromeo litolewe, binti alimketisha mbele ya maikrofoni akarekodi maneno, moja moja, mpaka akachoka. Tangu hapo baba huchapa, na kompyuta huunga maneno hayo kwa sauti yake mwenyewe, yakikatikakatika kama tangazo la treni iliyochelewa: Chai. Imepoa. Mke wangu. Kicheko hakikurekodiwa. Siku zile hakuna aliyekuwa na la kumchekesha.

Binti huyu baba alimpa jina la Fundi tangu utotoni, alipoifungua redio ya nyumbani akashindwa kuifunga. Sasa anatunza kompyuta za watu kwa mshahara, na kosa alilofanya ni lile lile analowafokea wenzake kazini. Kompyuta ya baba inaendeshwa na mfumo wa Linux, na kiini chake, ile sehemu ya ndani kabisa inayoamrisha vifaa vyote, kilikuwa kimezeeka. Akaweka kiini kipya. Diski ilikuwa imejaa, basi akafuta cha zamani kabla ya kukijaribu hicho kipya. Mashine ilipowaka tena haikuiona kadi ya sauti, kwa sababu draiva, programu ndogo inayoiunganisha kadi hiyo na kiini, ilikuwa imejengwa kwa kiini alichokifuta, na kwenye mtandao kiini hicho hakikupatikana tena. Mganga hajigangi. Baba akawa bubu mara ya pili, safari hii kwa mkono wa mwanawe, na Fundi aliona aibu kiasi cha kushindwa kumtazama usoni.

Asubuhi iliyofuata kile kicheko alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza, waya wa spika kauchomoa, kaushika mkononi, spika ilipozungumza.

"Mke wangu, njoo ukae nami kidogo."

Ilikuwa sauti ya baba, laini, haikukatika popote. Chumba kilinuka ghafla kama kisima kilichofunikwa muda mrefu. Fundi aligeuka. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani, anatikisa kichwa. Akachukua kibao chake cha chaki akaandika: SI MIMI.

Mama alikuja kutoka jikoni akijifuta mikono, akavuta kiti, akakaa. Alikaa akiielekea spika.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Kila asubuhi mama alichana nywele, akavaa vizuri, akaenda kuongea na ile sauti, nayo ikamkumbusha mambo ya ujana wao, ikamtania, ikacheka, huku baba akipiga meza kwa kiganja ili naye asikilizwe, akipiga mpaka kiganja kikavimba, na mama akisema "ngoja kidogo, mume wangu," bila kugeuka, mpaka siku sauti iliposema kwa upole ule ule, "Huyo mzee anayetupigia meza, si mumtoe nje?" na mama asiseme ndiyo, lakini asiseme hapana.

Siku hiyo Fundi, aliyekuwa amejaribu kila njia ya mkato ya kuirudisha kadi akashindwa, alimwita shangazi, dada yake baba, ambaye uganga ndio kazi yake. Shangazi alinusa mlangoni tu, akamvuta Fundi kando.

"Lipo," alinong'ona. "Na halikuvunja mlango. Mlimnyamazisha mwenye nyumba, nafasi yake ikabaki wazi, likakaa."

"Utalitoa, shangazi?"

"Nikilitoa leo, kesho litarudi, maana nafasi bado iko wazi. Mrudishe mwenyewe kwanza. Mimi nitalishika, wewe fanya kazi yako."

Shangazi akakaa sakafuni, akafumba macho, akaanza kunong'ona maneno yake. Fundi akafungua mistari ya maagizo iliyoandikiwa ile draiva. Ilikuwa inaomba vitu ambavyo kiini kipya hakivijui tena. Ikabidi airekebishe mstari kwa mstari, aijenge upya, ikatae, aanze tena, na muda wote huo ile sauti ilikuwa sikioni mwake, "Fundi, mwanangu, ulimi umenirudia halafu wewe unaukata, nimekukosea nini, tazama mama yako anavyocheka siku hizi," na machozi yakamtoka juu ya kibodi kwa sababu hivyo ndivyo baba alivyokuwa akimbembeleza, na vidole vikataka kuacha, na hakuviruhusu, mpaka draiva ikakubali na jina la kadi likajitokeza kwenye skrini.

Akachomeka waya. Spika ikakohoa. Pazia likapepea ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa, na ile harufu ikaondoka.

Baba akasogea, akachapa.

"Mke wangu. Niko. Hapa."

Fundi alimkumbatia. Mama alimtazama mumewe. Kisha akamshika Fundi mkono, akainama sikioni mwake.

"Mwanangu," alinong'ona, "mrudishe yule mwingine."

Masikio ya baba hayakuwahi kuugua. Aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

"Chapa, kaka," shangazi alisema polepole, akitazama pazia. "Chapa neno lolote, nafasi isibaki wazi."

Baba hakuchapa.