Wafu wa Vita na Wafu wa Udongo

Naanza kwa jina la Mola, aonaye chozi kabla halijadondoka. Namwomba aninyooshee kauli.

Watu wa hadithi hii ni wanne. Wa kwanza ni Flavia, ambaye majirani humwita Mama Herieth. Mumewe, Basili, alikwenda Vita vya Kagera wala hakurudi. Wa pili ni Avelina, jirani yake. Masika ya mwaka huu udongo wa mlima uliporomoka, ukaua watu sita wa kijiji, akiwamo mwanawe Primus. Wa tatu ni Mzee Gerson, aliyepigana vita vile akarudi. Wa nne ni Eunike, mhudumu wa afya wa kijiji. Wote wanakaa Kibosho, juu ya mji wa Moshi, ambako kila ukoo huzika wafu wake kihambani, shamba lake la urithi, kati ya migomba.

Kila Siku ya Mashujaa, Mzee Gerson husoma majina ya wanakijiji waliokufa vitani. Jina likitajwa, ndugu wa marehemu husimama. Flavia husimama kwa ajili ya Basili. Siku hiyo watu humpisha mbele, humpa mkono, humwita mjane wa shujaa. Siku nyingine zote hakuna amtajaye Basili.

Mwaka huu kamati ya kijiji iliamua kwamba, baada ya majina ya vita, yasomwe pia majina sita ya maporomoko, ili wafiwa wafarijike. Flavia alipopata habari, moyo wake uliwaka. Alikwenda kwa Mzee Gerson kulalamika. Mzee akamjibu kwamba karatasi yake bado ina nafasi. Jibu hilo halikumtuliza.

Kesho yake alimkuta Avelina akikata majani ya ng'ombe kando ya mfongo, ule mfereji ambao wakulima hugawana maji yake kwa zamu.

"Mama Primus," alisema Flavia, "nasikia mwanao amepandishwa cheo."

"Cheo gani, Mama Herieth?"

"Cha ushujaa. Basili alikufa na bunduki mkononi. Wako alikufa amejifunika blanketi."

Avelina alijitwika majani yake, akaenda zake. Tangu siku hiyo chakula hakikumshuka, wala usingizi haukumjia. Akatuma ujumbe kwa Mzee Gerson kwamba jina la Primus lifutwe.

Eunike alizisikia habari hizo. Alikwenda kwanza kumtazama Avelina, kisha akabisha hodi kwa Flavia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa kunigombeza?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza. Basili alipokufa, nani alikaa na wewe?"

Flavia akaeleza kwamba ililetwa barua, watu wakamwambia asilie kwa kuwa mumewe ni shujaa, na wiki ileile akarudi kupalilia kahawa. Hapakuwa na mwili, wala kaburi.

"Kila asubuhi namwona Avelina akifagia kaburi la mwanawe," alisema. "Yeye ana mahali pa kufagia. Mimi nina jina tu, mara moja kwa mwaka. Na hilo nalo anakuja kugawana nami."

"Faraja si maji ya mfongo, mama. Zamu ya Avelina ikifika, shamba lako halikauki."

Ndipo Eunike akamfundisha. Msiba wa mtu usipimwe kwa msiba wa mwingine. Mfiwa asikatazwe kulia. Marehemu atajwe kwa jina, naye mfiwa aachwe amsimulie. Asitupwe baada ya matanga, kwa maana hapo ndipo upweke unapoanza. Na akikosa usingizi na chakula kwa siku nyingi, au akisema hataki tena kuishi, asisubiriwe. Apelekwe upesi kituo cha afya.

Asubuhi Flavia alichuma jani la isale. Kwa Wachagga, aliyeletewa jani hilo hawezi kukataa kumsikiliza aombaye msamaha. Alimpa Avelina kwa mikono miwili, akamweleza yote, hata habari ya kaburi.

Avelina alilitazama jani.

"Nami nilikuonea wivu," alisema. "Jina la mumeo limesomwa miaka zaidi ya arobaini. La Primus niliogopa litasahauliwa kabla ya mavuno." Jioni ile akamtumia Mzee Gerson ujumbe kwamba jina la Primus lirudishwe.

Siku ya Mashujaa ilipofika, Mzee Gerson alisoma majina ya vita, kisha ya udongo. Primus alipotajwa, Avelina alibaki ameketi. Flavia akamwinua, wakasimama wote wawili. Mchana ule Avelina alimaliza sahani nzima ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, naye Eunike akashukuru moyoni.

Baada ya chakula, Avelina alimwongoza Flavia hadi kwenye kaburi la mwanawe, akampa ufagio.

"Ukifagia, mtaje Basili," alisema. "Primus hatachukia."

Flavia akainama, akafagia, akalitaja jina la mumewe kwa sauti.

Ya Rabi, waliotangulia wamo mikononi mwako. Hawa waliobaki wape subira, wape usingizi mwema, wape na jirani wa kukaa nao. Amina.