Chiriku Agoma Kuigiza

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikishalia na madarasa yakishafagiliwa, Chiriku na Radi waliibeba amplifaya kutoka stoo hadi chumba cha muziki. Ilikuwa nzito kama gunia la mchanga uliolowa. Walitembea upande upande kama kaa, huku wakigombana ni nani anayemwachia mwenzake mzigo.

Majina hayo hayakuwa ya darasani. Msichana aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na mvulana aliitwa Radi kwa jinsi alivyozitwanga ngoma. Chiriku ndiye aliyepiga gitaa katika bendi ya shule.

Amplifaya yenyewe ilikuwa ya zamani, ya valvu. Kupitia matundu ya nyuma ungeziona valvu zake, vichupa vya kioo vilivyowaka rangi ya chungwa kama makaa yaliyopulizwa. Kazi yake ilikuwa kuichukua sauti ndogo ya nyuzi na kuikuza hadi ijae ukumbi. Lakini sauti iliyotoka humo ilikwaruza kama sufuria inayokwanguliwa ukoko.

Siku moja, Jumatatu, mwalimu wa muziki alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo, kisha akaziba sikio moja.

"Acheni, acheni! Wimbo huu ni wa taratibu, nyinyi mnaupiga kama mnakata mabati. Tamasha la mashindano ni Jumamosi." Akatoa kidude kidogo cha kuhifadhia muziki mfukoni. "Nimepata rekodi ya wimbo huu, imepigwa na watu wanaojua kazi yao. Itasikika kwenye spika za ukumbini. Nyinyi mtashika vyombo na kutikisa vichwa. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," alisema Chiriku.

Wanabendi wenzake wakamgeukia.

"Unasemaje?"

"Nasema sitaigiza, Mwalimu." Hakuyashusha macho. "Siwezi kusimama mbele ya mama yangu nipigiwe makofi kwa kazi ya vidole vya mtu mwingine."

Mwalimu alikirudisha kidude mfukoni. "Haya. Ijumaa nitakuja kusikiliza. Ukinipa sauti safi, mtapiga wenyewe. Usiponipa, gitaa atalishika mwenzako asiye na maneno mengi."

Alipoondoka tu, Radi alitupa fimbo zake za ngoma sakafuni. "Mdomo huponza kichwa! Sasa umeviponza na vichwa vyetu."

"Basi chukua kichwa chako tukakitafutie msaada," alijibu Chiriku.

Walikwenda kwa shangazi yake Chiriku, aliyekuwa amepiga gitaa katika bendi za dansi kabla hata Chiriku hajazaliwa. Walimkuta akipiga pasi. Walimwamkia, wakamweleza yote.

"Vitufe vya amplifaya mmeviweka wapi?" aliuliza shangazi.

"Vyote mwisho kabisa," alisema Radi kwa fahari.

Shangazi alicheka mpaka akaiweka pasi kando. "Jamani! Mtu umjaze matonge matano mdomoni kwa mpigo, halafu umwambie aimbe! Valvu nazo ni hivyo hivyo. Ukizisukumia sauti kupita kiasi, zinaelemewa, zinakwaruza. Wapo wanaoupenda mkwaruzo huo, na una nyimbo zake. Wimbo wenu hauutaki."

"Tufanyeje?"

"Iwasheni, muiache ipate moto kwanza. Kitufe cha sauti inayoingia kirudisheni chini. Kile cha sauti inayotoka kipandisheni polepole. Besi ipunguzeni, inazimeza nyuzi nyembamba. Na gitaa lenyewe, kitufe chake cha sauti msikifungue chote. Mengine sikio litawaambia."

"Au tuifungue nyuma tuangalie ndani?" aliuliza Radi. "Nyumbani tuna bisibisi."

Kicheko kikamtoka shangazi usoni. "Thubutu! Umeme wa humo unaua, na hubaki ndani hata waya ukishachomolewa ukutani. Kufungua ni kazi ya fundi. Nyinyi mwisho wenu ni vitufe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, shangazi," walisema kwa pamoja.

Kesho yake walifanya kama walivyoelekezwa. Walingoja valvu zikolee rangi. Chiriku akashusha hapa, akapandisha pale, akasikiliza, akashusha tena. Kisha akaugusa uzi mmoja.

Sauti ilitoka mviringo na nyororo, ikaning'inia hewani kama tone lisilotaka kudondoka. Akapiga nyuzi zote sita, na kila mmoja ukasikika peke yake. Radi alibaki mdomo wazi.

"Hiyo ni ile ile amplifaya yetu?"

"Ndiyo hiyo," alisema Chiriku, akaanza kuupiga wimbo kwa madaha.

Lo! Ilikuwa aibu tupu. Kidole kimoja kiligusa uzi wa jirani. Kingine hakikubana vizuri, uzi ukalia kama nzi aliyenaswa. Makosa ambayo mkwaruzo ulikuwa umeyafunika muhula mzima sasa yalisimama mchana kweupe, bila nguo.

Radi alikuna kichwa. "Sikiliza. Pandisha kile kitufe kidogo tu. Kidogo! Makosa yajifiche."

Mkono wa Chiriku ulienda. Vidole viligusa kitufe. Alikuwa na hasira na wimbo, na mwalimu, na vidole vyake mwenyewe. Nani angejua kama angekizungusha nusu tu? Lakini kama ni kujificha, si afadhali hiyo rekodi ya mwalimu?

Akautoa mkono. "Sipandishi. Nimekataa kudanganya kwa rekodi, nije nidanganye kwa kitufe? Tunarudi mwanzo."

"Mwanzo wapi?"

"Mwanzo mwanzo!"

Wakarudi. Alipiga polepole, kidole baada ya kidole, kama mtoto anayejifunza kusoma kwa silabi. Alipokosea alirudi. Ncha za vidole zilimuuma hata kushika kalamu darasani kukawa adhabu. Radi naye aligundua kwamba ngoma zake zilizoea kushindana na kelele, na sasa zinamzamisha mwenzake. Akazifunika kwa kitambaa, akazigonga kwa upole.

"Leo si Radi tena," Chiriku alimtania. "Leo ni manyunyu."

Ijumaa mwalimu alikuja na rekodi yake mkononi. Akakaa, akakunja mikono. "Haya, nasikiliza."

Walianza. Nyuzi zilisema moja moja, ngoma zikazifuata kwa heshima. Katikati ya wimbo kidole cha Chiriku kiliteleza, na uzi usiohusika ukalia waziwazi. Mwalimu aliinua nyusi. Chiriku hakusita. Aliupiga wimbo mpaka mwisho.

"Umekosea pale katikati," alisema mwalimu.

"Ndiyo. Kosa ni letu, Mwalimu, na wimbo pia ni wetu. Rekodi yako haina kosa hata moja, lakini hata sisi hatumo."

Radi alifumba macho akingoja ngurumo. Haikuja. Mwalimu aliigeuzageuza ile rekodi kiganjani, kisha akairudisha mfukoni. "Kesho mtapiga wenyewe," alisema.

Na wakapiga. Ukumbi ulinyamaza hata uzi mwembamba kabisa ukasikika viti vya nyuma, walikokaa mama na shangazi. Hawakuwa wa kwanza. Walishika nafasi ya tatu. Lakini makofi waliyopata yalikuwa yao, na Chiriku aliyapokea kichwa juu.

Wakati wa kukunja waya, mwalimu aliwaita wanabendi wote.

"Sikilizeni," alisema. "Kusema 'sitaki' ni rahisi. Wengi husema, kisha hukaa wakinuna. Huyu alisema 'sitaki', kisha akaenda kufanya kazi. Huo ndio msimamo. Mimi niliogopa aibu, nikataka kuwafundisha udanganyifu. Kosa linalosikika hurekebishwa. Linalofunikwa huota mizizi. Msikubali mtu awafundishe kujificha, hata akiwa mwalimu wenu."

"Mwakani hatutaki ya tatu," alisema Chiriku.

"Mnataka ya ngapi?"

"Ya kwanza. Kwa vidole vyetu."

Mwalimu alicheka, akainama kushika upande mmoja wa amplifaya. "Basi Jumatatu msichelewe mazoezini."