Jua la Nyuma ya Kilima

Ijumaa moja ya mwaka wa tisini na tano, soko la Homa Bay likiwa limefurika watu, kijana aitwaye Gisiri alifika mbio kwenye kibanda cha Kemuma akitaka betri za tochi. Kemuma alikuwa anafunga turubai. Alivaa gauni la samawati lenye ukosi mweupe, na kitambaa cha kichwa kimekazwa kama cha mtu asiyetaka mzaha. Akamwambia aende kwa jirani, Sabato inaingia. Gisiri akatazama juu, akacheka.

"Dada, jua si lile pale? Ama lenu ni lingine?"

"Letu ni lingine," Kemuma akajibu. "Na wewe ukanda wako umejaa bisibisi na koleo. Fundi wa stima gani huyu anayetafuta mwanga kwa watu?"

Basi kijana wa watu akaenda zake hana betri wala moyo. Jumapili akarudi, na safari hiyo hakutaka betri.

Kemuma hakumdanganya. Mtaa wao ulikuwa nje kidogo ya mji, nyuma ya kilima. Jua likishagusa ncha ya kilima, kivuli hushuka, mabati huzima mng'ao nyumba moja baada ya nyingine, watoto huitwa kuoga na majiko huzimwa. Huko ziwani watu bado wanapatana bei ya samaki juani kwa karibu nusu saa nzima. Baba yake, mzee Nyamweya, mzee wa kanisa la Wasabato, alikuwa na kalenda yenye saa za machweo, lakini hakuitazama. Alisema Mungu ndiye aliyemweka nyuma ya kilima, na jua lake ni lile analoliona.

Mapenzi yalipotimiza miezi minane, mzee akapata habari. Hakupenda. Kijana ni Mkuria, tena Mkatoliki. Na kulikuwa na Angwenyi wa Awendo, mkulima wa miwa aliyefiwa na mke, Msabato wa kuzaliwa, ambaye angeleta wazee wake Jumapili kuposa. Kemuma alilia siku mbili, mama yake, Mong'ina, akamsihi mumewe, mpaka mzee akatoa neno: wazee wa Gisiri wakifika Ijumaa kabla ya Sabato, atawasikiliza wao kwanza. Wasipofika, asisikie tena jina hilo nyumbani mwake.

Alhamisi Gisiri alipiga simu kutoka Migori, Kemuma akaitwa dukani aipokee.

"Kesho, mpenzi. Mimi na mjomba Mirumbe. Kabla jua halijazama."

"Jua la kwetu, Gisiri. Si la ziwani."

"Nimekusikia, malkia. La kwenu."

Ijumaa Kemuma alivaa gauni lile lile la samawati, akasimama mlangoni. Ugali na mboga vilikuwa vimepikwa mapema, chai imo katika thamosi. Kivuli kikaanza kushuka. Kikameza paa la kanisa, kikameza bomba la maji, kikafika kwenye ua wao, na njia ilikuwa tupu. Mzee akamwambia aingie. Wimbo wa kufungua Sabato ukaanza, na Kemuma aliimba bila kujua anaimba nini. Alijiona mjinga. Miezi minane, na mtu ameshindwa kulitazama jua.

Wakati wa maombi wakasikia hodi. Kemuma alipigwa na butwaa. Mlangoni alisimama Gisiri, shati jeupe limemganda kwa jasho, na nyuma yake mjomba Mirumbe ndani ya koti zito, amebeba kapu la ngege, samaki wabichi wa zawadi, na uso umejaa furaha.

Mzee Nyamweya hakuwafukuza. Mgeni wa Sabato hafukuzwi. Aliwakaribisha viti, akawapa kitabu cha nyimbo, akawalisha ugali baridi. Lakini lile swali ambalo mwenyeji humuuliza mgeni aliyeleta neno, hakuliuliza, kwani Sabato ilikuwa imeshaingia. Mirumbe alingoja, akakohoa, akangoja tena. Kapu la samaki likawekwa nje bila kuguswa, kwani huo usiku hapana aliyeruhusiwa kupara samaki wala kuwasha moto. Asubuhi mzee wa Kikuria alikuta paka wamemaliza kazi. Lo! Hakuaga. Alimwambia mpwa wake kwamba ametukanwa vya kutosha, analishwa ugali baridi na zawadi yake inaachiwa paka, akashika njia ya Migori.

Gisiri hakumfuata. Alioga, akaenda kanisani pamoja nao, akakaa benchi la nyuma kutwa nzima. Baada ya ibada Kemuma alimpita kama hamjui, kisha akarudi.

"Nilikwambia jua la kwetu."

"Nilimwambia mjomba mara tatu. Alikuwa anachagua samaki wa babako, mmoja mmoja, huku jua liko wazi ziwani. Amenilea tangu baba afe. Mzee havutwi mkono, Kemuma."

Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Methali hiyo ilimpita Kemuma kichwani, lakini hasira yote ikamwisha, ikabaki hofu. Kwa maana sasa Gisiri alikuwa peke yake, na mwanamume hajiposei.

Jioni ya Jumamosi walikaa sebuleni, macho yote kwenye kilima. Kivuli kikashuka. Mzee akaomba, akafunga Sabato, akasema amina, ndipo akamgeukia Gisiri.

"Haya, mgeni. Umekuja na neno gani?"

"Neno ninalo, mzee. Wa kunisemea sina."

"Basi hakuna neno," mzee akasema, akaanza kuinuka.

Hapo Mong'ina aliinuka. Alibeba kigoda chake kutoka ubavuni kwa mumewe, akavuka nacho sebule, akakiweka karibu na Gisiri, akaketi na kupanga leso yake magotini. Mzee alibaki mdomo wazi, nusu ameinuka, nusu ameketi.

"Mama Kemuma, umepotea kiti?"

"Sijapotea. Miaka ishirini na sita nimekaa upande huo. Huyu kijana ameachwa na mzee wake, amekula baridi siku mbili na hakununa. Mimi ndiye msemaji wake. Na neno letu ni hili: tulifika jana, jua likiwa bado ziwani. Tunamtaka Kemuma."

Mzee Nyamweya alimtazama mkewe kama mtu aliyekutana naye leo. Akatazama nje, ambako mtaa wote ulikuwa kivulini na upande wa ziwani mbingu ingali nyekundu. Akaketi taratibu.

"Kemuma," akasema, "washa jiko. Hawa wageni wapewe kitu cha moto."