Kombe la Asali

Wanawake wa Mlingotini hushuka pwani maji yakishakupwa, kwenda kufunga mwani kwenye kamba. Mize, aliyekuwa darasa la sita, hakushuka nao siku za shule. Ila kabla ya kuvaa sare alikaa barazani na bibi yake, Bibi Chausiku, wakifungua mafundo ya kamba kuukuu ili mama yake, Adila, aende shambani na kamba safi. Mikono ikienda, vitendawili navyo vinakwenda, maana Bibi Chausiku hajui kufanya kazi mdomo umefungwa.

"Kitendawili," akasema bibi asubuhi moja.

"Tega."

"Ninaye mlinzi. Nikiwapo, amelala. Nikiondoka, anaamka."

Mize akataja mbwa, akataja kufuli, akataja hata jini. Alipokwama, bibi akadai mji, akapewa Pangani nzima, na bado akagoma kufumbua. Alisema jibu litakuja lenyewe mchana, limevaa shati la mikono mirefu.

Mchana alikuja Hamidu, wakala wa bima kutoka Bagamoyo mjini. Alikaa jamvini akaeleza habari ya bima ya maisha: Adila angechangia kidogo kidogo kila anapouza mwani, na Mungu akimchukua yeye Adila, Mize angali mdogo, kampuni ingetoa fedha za kumtunza na kumsomesha. Adila alikwisha kumuuliza shehe, akaridhika. Hakuhitaji kushawishiwa. Mumewe, marehemu Majaliwa, alifariki ghafla kwenye mashamba ya chumvi, na eda ilikuwa haijaisha mwenye nyumba alipoanza kuwabishia hodi akidai kodi. Ndiyo maana walirudi Mlingotini kwa mama mkwe wake, Bibi Chausiku. Hakutaka mwanawe abishiwe hodi ile mara ya pili.

Lakini kampuni ilitaka vipimo kwanza. Hamidu alimwagiza aende hospitali asubuhi na mapema, asile kitu tangu usiku. Maji tu ndiyo ruhusa.

Siku ya kwenda ilipofika, Bibi Chausiku aliandaa kombe, kama afanyavyo kila mtu wa nyumba ile anapotoka kwa jambo zito. Aya ziliandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji yenye marashi ya waridi. Kombe ni maji, alisema, na maji yameruhusiwa. Akampa Mize bakuli ampelekee mama yake.

Mize alijua mama hukunja uso kwa uchungu wa zafarani. Akapitia jikoni, akaitwaa chupa ya asali, akatia kijiko baada ya kijiko mpaka kombe likawa zito. Alitia kwa mapenzi. Adila alikunywa lote, akasema leo bibi kampendelea. Hospitalini alipoulizwa kama amekula au kunywa chochote, alijibu kuwa ni maji tu. Hakudanganya; utamu aliusikia, lakini kwake kombe lilihesabika kuwa ni maji.

Hamidu aliporudi, alianza kuzungumza akiwa bado amesimama. Damu ya Adila imeonekana na sukari nyingi, na kampuni imelikataa ombi lake. Akaongeza kwamba daktari anamtaka arudi apimwe tena. Adila hayo ya mwisho hakuyasikia. Lililomwingia ni lile la kukataliwa.

"Wamekiona kifo changu," alimwambia mama mkwe wake. "Nani atakubali kulinda mlango anaojua utavunjwa?"

Tangu siku hiyo nyumba ilipoa. Adila aliacha wali, akaacha muhogo, akawa anakula mchicha wa kuchemsha peke yake. Alikonda mpaka kanga ikawa inamzunguka na kubaki. Shambani haendi. Mwani wake ulikomaa, ukakatika kambani, mawimbi yakautupa mchangani ukaoza. Jirani yake Zaina alipokuja kumwita, alijibiwa kutoka ndani kwamba mgonjwa amelala. Jioni moja Adila alifungua sanduku akazipanga kanga zake mafungu mawili, hizi za Mize, hizi za mdogo wake Raya. Mize aliyaona mafungu yale, akaelewa kuwa mama anagawa urithi.

Shuleni, Mwalimu Ibrahimu alifundisha habari za maradhi ya sukari. Alieleza kwamba anayepimwa asubuhi hatakiwi kunywa hata chai tamu, kwa sababu kitu kitamu alichokunywa muda mfupi uliopita kinaweza kuonekana kwenye damu kana kwamba ni ugonjwa. Mize aliona ubao unacheza. Alikimbia njia nzima ya kurudi, lakini alipofika mlangoni ulimi ukafa. Kumbe ni yeye aliyemnyima mama bima. Ni yeye aliyeuozesha mwani. Mama akijua, atamtazama vipi? Akajiambia atasema kesho. Kesho ikifika, inapata kesho yake. Akawa hali, halali, na kila kitendawili kinapotegwa barazani anasema kichwa kinamuuma.

Hatimaye mama alimwita chumbani. Alizungumza taratibu. Amekwisha kuongea na mama mdogo Raya wa Mbegani. Mize atahamia huko na shule atabadilishiwa.

"Uzoee mapema, mwanangu, nikiwa bado nina sauti ya kukuaga."

Mize akaanguka magotini.

"Mama, huumwi. Ni asali. Nilitia asali kwenye kombe siku ile, nikatia nyingi. Mwalimu alitufundisha, nikajua, nikakuficha."

Adila akamwinua mwanawe akamketisha kitandani. Mlangoni, Bibi Chausiku aliketi chini pale pale aliposimama. Alinong'ona kwamba na yeye ana kosa lake, maana ndiye aliyesema kombe ni maji tu.

Kulipokucha Adila na Mize walikwenda Bagamoyo na tumbo tupu. Kombe jipya lilibaki nyumbani, limefunikwa kwa kawa, na bibi akaapa halionjwi mpaka vipimo viishe. Muuguzi Sabiha alisikiliza habari yote bila kucheka. Alimpima Adila sukari, akachukua na damu ya kipimo kingine kinachoonyesha sukari ya miezi iliyopita. Majibu yote yalikuwa mazuri.

"Ugonjwa huna, ila njaa unayo," alimwambia. "Tulikuita urudi, dada yangu. Mbona ulikaa nyumbani ukajihukumu?"

 Machozi yalimtoka Adila, na Mize akamfuta kwa ncha ya mtandio.

Hamidu aliyapeleka majibu mapya kwa kampuni pamoja na maelezo ya daktari, akaomba walitazame ombi upya. Walikaa wakisubiri mpaka wakaanza kukata tamaa tena. Safari hii Adila alisubiri huku akila. Alikwenda pwani, akamwomba Zaina mbegu za mwani, akaanza upya kwenye kamba tupu, maana mavuno yaliyooza hayakurudi. Siku Hamidu alipopiga simu kusema ombi limekubaliwa, Adila alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti, mikono imejaa mwani, na simu alishikiwa na Zaina.

Asubuhi iliyofuata Mize alikaa barazani na kamba zake.

"Bibi, nirudishie Pangani yangu. Yule mlinzi ni bima."

"Umepata," bibi akasema. "Chukua mji wako."

Adila alikuwa akijifunga kanga ya kazi. Akaja akaketi katikati yao.

"Mwanangu, asali sikulaumu. Ulinitilia kwa kunipenda, na hukujua. Kilichotaka kunimaliza ni zile siku ulizojua ukanyamaza, na zile nilizoitwa nikapimwe tena nikajifungia ndani. Ukikosea, sema siku ile ile. Na ukikataliwa jambo, uliza sababu, kisha urudi."

Akachukua kamba safi, akashuka pwani.