Neno Lililokosekana

Haya yalimpata rafiki yangu mtunga kamusi, mwanamke asiye na subira na wajinga, mchana kweupe ofisini kwao. Kamusi ilikwama kwenda kiwandani kuchapwa kwa neno moja tu: jina la ile hali ya kusahau ghafla ulichokuwa ukifanya.

"Mimi jana niliingia jikoni nikabaki nimekodoa macho," mwenzake alisema.

"Hilo lina jina tayari, bibie. Linaitwa uzembe. Kichwa chako chujio! Ngoja nikalete gundi."

Rafiki yangu akashuka stoo. Taa ilikuwa imeungua, akapapasa rafu gizani, kisha mkono ukasita. Alikuwa akitafuta nini? Akasonya, akajitukana: mjinga kama wale wale. Hakukumbuka. Hata mlango ulikuwa upande gani, hakukumbuka.

Ndipo akasikia viatu vyake vikipanda ngazi, ko, ko, ko. Akajigusa miguu. Alikuwa pekupeku, sakafu ya baridi chini ya nyayo.

Huko juu mwenzake akauliza, "Gundi umeipata, dada?"

"Nimeipata," ikajibu sauti ya rafiki yangu mwenyewe, ikicheka kwa dharau. "Na neno nimelipata pia. Andika."